Besi ya mtumba: namna ya kuikagua, kuiseti na kuitunza

Wadau wa besi, habari zenu. Hii nimeiandika kwa ajili ya mtu anayetaka kununua besi, yani gitaa la besi, yake ya kwanza ya mtumba, au anayo moja na roho inamtuma aongeze ya pili lakini mfuko haumruhusu kukosea. Mimi nipo Dar, ninazo nne mpaka sasa, zote mitumba na zote nimezifanyia kazi mwenyewe juu ya meza ya jikoni kwa bisibisi, alenki na rula, kwaiyo ntaeleza ninavyofanya mimi. Ntakaa sana kwenye shingo maana shingo ndio besi yenyewe. Rangi inapakwa upya, pikapu, ile sumaku chini ya nyuzi inayonasa sauti, inabadilishwa, funguo za kukazia nyuzi zinanunuliwa, lakini shingo ikiwa imekufa umenunua ubao wa kutundika ukutani.

Kabla hujaondoka nyumbani beba simu yenye tyuna, programu ya kupimia kama nyuzi zimekaa sawa (zipo nyingi za bure), kebo yako mwenyewe unayoiamini, rula ya chuma yenye milimita, kadi ya benki na seti ndogo ya alenki, zile spana zenye umbo la L. Kadi ya benki haihusiani na malipo, utaona kazi yake huko mbele.

Alafu ujue unaenda kuangalia nini. Besi nyingi sana utakazokutana nazo, ziwe za Japani, Indonesia au China, ni watoto na wajukuu wa gitaa mbili tu. Ya kwanza ni Precision ambayo Leo Fender aliitoa mwaka 1951 kule California, ikaitwa hivyo kwasababu ina freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, yani mpigaji akibonyeza mahali pake noti inatoka sahihi tofauti na lile besi kubwa la kusimama ambalo lazima sikio likuongoze. Ya pili ni Jazz ya mwaka 1960, shingo yake nyembamba pale juu kichwani, kama milimita 38, na ina pikapu mbili ndefu. Ukiona pikapu moja katikati iliyokatwa vipande viwili vilivyopishana, hiyo ni ukoo wa Precision. Zote mbili urefu wa uzi kutoka kichwani mpaka kwenye briji, kile chuma cha kwenye mwili kinachoshika nyuzi, ni inchi 34, kama milimita 864, na ndio kipimo cha kawaida mpaka leo. Kuna za shingo fupi za inchi 30, hizi kwa mtu mwenye vidole vifupi au mtoto anayeanza ni neema kabisa, na zina sauti yake ya mviringo ambayo ndefu hazitoi, usikubali mtu akwambie ni za kuchezea.

Shingo sasa

Mwaka juzi nilinunua besi moja nyekundu, nzuri sana machoni, inang'aa, muuzaji akanipigia mwenyewe pale uzi mmoja mmoja nikasikia tamu nikalipa. Nimefika nyumbani nataka kushusha nyuzi maana zilikuwa juu mno, naingiza alenki kwenye rodi, inazunguka tu haishiki kitu. Kichwa cha rodi kilikuwa kimelika ndani mpaka kimekuwa duara, mtu aliilazimisha kwa alenki isiyo saizi yake. Rodi ni kile chuma kinachopita ndani ya shingo, ndicho kinachopingana na mvuto wa nyuzi, na kisipofanya kazi shingo inabaki imepinda kama upinde wa mshale na huna la kuifanya. Iliniuma sana, nilikuwa nimedunduliza miezi saba. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza naangalia rodi, kabla hata sijaishika kupiga.

Mwombe mwenye besi ruhusa, ingiza alenki, uone inaingia sawasawa na inakamata, huhitaji kuizungusha, ile kukamata tu unaisikia mkononi. Za Asia nyingi ni 4 mm au 5 mm, za Marekani nyingi wanatumia inchi, kwaiyo ikikaa kwa kulegalega usiilazimishe hata kidogo, na ndio maana nimesema ubebe seti nzima.

Kisha ityuni. Usikague shingo ya besi iliyolegezwa nyuzi, itakudanganya, shingo inatakiwa iwe chini ya mzigo wake wa kawaida. E, A, D, G kutoka uzi mnene kwenda mwembamba. Ikishakuwa sawa weka jicho upande wa briji utazame kuelekea kichwani, kama fundi seremala anavyoangalia ubao kama umenyooka, jicho moja limefungwa. Unatafuta vitu viwili: kupinda kwa mbele, ambako kidogo kunatakiwa kuwepo, na kujipinda kama kamba inavyosokotwa, yani upande wa uzi wa E unakwenda kwingine na upande wa G kwingine. Ukiona msokoto shukuru, rudisha besi, aga vizuri uondoke. Rodi ya kawaida hairekebishi msokoto.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Bonyeza uzi wa E freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia bonyeza uzi huohuo pale shingo inapokutana na mwili. Uzi ukishakazwa hivyo umekuwa rula iliyonyooka. Sasa angalia freti ya 7 au ya 8, kati ya uzi na freti panatakiwa pawe na upenyo mdogo, mimi napenda kama milimita 0.3, yani unauona mwanga mwembamba na ukiugusa uzi kwa kidole unasikia unashuka kidogo sana. Ukiwa na ile fila geji ya mafundi pikipiki ya kupimia vavu ndio bora zaidi. Kadi ya benki unene wake ni milimita 0.76, kwaiyo ikipita pale chini bila kugusa uzi ujue shingo imepinda kupita kiasi, na hapo ndio utafurahi kwamba ulishahakikisha rodi inakamata. Na kama hakuna upenyo kabisa, uzi umelala juu ya freti, shingo imepinda kwa nyuma, nayo mara nyingi inatibika kwa kulegeza rodi.

Baada ya hapo piga kila freti kwa kila uzi, zote bila kuruka. Nyuzi 4 mara freti 20 ni noti 80, dakika tano tu, hata kama muuzaji anakuangalia kwa jicho la haraka. Noti inayokwama au kulia kama nyuki freti moja tu, hiyo ni freti imepanda au imelika, inarekebishika kwa fundi anayejua. Kila noti ikilia hivyo kuanzia freti ya 12 kuelekea kwenye mwili, tatizo linaweza kuwa pale shingo inapounganishwa na mwili, hilo liangalie kwa umakini, kagua zile skrubu nne za nyuma kama mbao imepasuka pembeni yake.

Umeme wake

Chomeka kebo yako. Zungusha kila kitufe cha volyumu na toni kwenda na kurudi. Ukisikia krrr krrr ni vumbi tu, spirei ya kusafishia kontakti inamaliza. Sauti ikikata kabisa mahali fulani kitufe chenyewe kimekufa, si ghali lakini ombea punguzo. Chezesha jeki kidogo, sauti isiwe inakuja na kuondoka. Besi ikivuma mmmm alafu ukigusa nyuzi mvumo unapungua, hiyo ni kawaida, inaonyesha waya wa ethi umeunganishwa mpaka kwenye briji.

Besi nyingine zina betri ndani, ile ya volti 9 ya mstatili, kwa ajili ya priampu, ampu ndogo ya ndani inayokuza sauti kabla haijatoka. Music Man ndio waliifanya ijulikane sana na StingRay yao ya mwaka 1976. Fungua uone pale betri inapokaa, ikiwa kuna unga wa kijani betri ilivujia humo. Na ukiwa nayo nyumbani chomoa kebo kila ukimaliza kupiga, maana nyingi priampu inawaka ukichomeka kebo tu, ukiiacha usiku kucha betri inaisha bure.

Kuhusu ampu nitasema mawili tu. Mitumba mingi inatoka Japani ambako umeme ni volti 100, au Marekani volti 120, sisi hapa ni 230, kwaiyo soma maandishi nyuma ya ampu kabla hujachomeka popote, ikibidi nunua transfoma ya kushusha. La pili, tafadhali msing'oe ile pini ya ethi kwenye plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Mpiga besi ameshika nyuzi za chuma na mdomo uko kwenye maiki ya chuma, kama ampu ina hitilafu na ethi haipo umeme unapita kwako.

Kuiseti nyumbani

Umeshanunua, hongera. Sasa mpangilio wa kazi ni huu na usiubadilishe: nyuzi, kutyuni, rodi, urefu wa nyuzi, mwisho kabisa sadoli za briji. Mtu akianza na urefu wa nyuzi alafu akagusa rodi anarudia yote upya.

Nyuzi mpya ni gharama, najua, seti ya besi si kama ya solo. Kama za zamani ni za raundi, zile za kukwaruza, na hazijapata kutu, zichemshe. Kweli kabisa, zitoe zote, zikunje duara kubwa, sufuria ya maji yachemke dakika kumi, toa, kausha hapohapo kwa taulo kavu uzi mmoja mmoja alafu zianike juani mpaka zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Utaona maji yamebadilika rangi, ile ni mafuta na jasho vilivyokuwa vimejibana kwenye mizunguko ya uzi. Sauti inarudi na ule mng'ao kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, inatosha kabisa kwa harusi au ibada kubwa. Za flati, zile laini zisizokwaruza, usizichemshe, zenyewe uzuri wake ni ule ububu, James Jamerson, mpiga besi wa lebo ya Motown ya Marekani, alipiga miaka na miaka kwa Precision ya 1962 yenye nyuzi za flati ambazo alikuwa habadilishi mpaka ikatike, na kidole kimoja tu cha shahada, na bado watu wanajifunza kwake mpaka kesho.

Kufunga uzi mpya: upitishe kwenye briji, uvute mpaka kwenye ufunguo wake, ongeza kama sentimita 12 zaidi, UKUNJE KWANZA pale utakapokata ndio ukate. Ukikata bila kukunja kuna nyuzi zinafumuka ndani na zinapiga bubu milele. Ingiza ncha kwenye tundu, zungusha mizunguko miwili au mitatu ikishuka kuelekea chini, isipandane.

Tyuni, alafu rodi. Robo mzunguko tu kwa wakati mmoja, kulia inakaza na kunyoosha shingo, kushoto inalegeza na kuiachia ipinde mbele. Tyuni tena, pima tena kwa ile njia ya vidole viwili. Kama bado, ongeza robo nyingine kesho. Mbao inatembea polepole, leo unaona sawa kesho asubuhi imejiongeza yenyewe. Ukikuta rodi ngumu sana usishindane nayo kwa bomba la kuongezea nguvu, peleka kwa fundi.

Urefu wa nyuzi napima freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi, bila kubonyeza. Uzi wa G naweka milimita 2, E milimita 2.5, A na D zinakaa katikati yake. Ukipiga kwa nguvu panda kidogo, ukipiga laini unaweza kushuka. Hapa hakuna sheria, ni mkono wako.

Mwisho sadoli, vile vipande vya briji vinavyobeba nyuzi. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza upate hamoniki, ile sauti ya kengele, tyuna iseme sawa. Sasa bonyeza kabisa freti ileile upige. Noti ikiwa juu ya hamoniki, uzi ni mfupi mno, rudisha sadoli nyuma mbali na shingo. Ikiwa chini, isogeze mbele. Legeza uzi kidogo kila unapoisogeza ili usile skrubu. Fanya hivyo nyuzi zote nne, na usifanye na nyuzi zilizochakaa maana uzi mzee haukai kwenye tyuni na utazunguka hapo usiku kucha.

Chumvi na joto letu

Sisi wa pwani tuna adui ambaye mtu wa Iringa hamjui vizuri. Hewa ina chumvi na unyevu, kutu inaanza kwenye skrubu za sadoli kabla hata hujaiona kwenye nyuzi, na skrubu ikishashika kutu hutaweza tena kusogeza sadoli. Kila mara nikimaliza kupiga nafuta nyuzi kwa kitambaa cha pamba, juu na chini yake, nusu dakika tu. Skrubu nazitia tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti, kila baada ya miezi mitatu hivi, na nafuta yanayobaki. Ndani ya begi naweka vile vipakti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nimewaambia ndugu zangu wote wasivitupe.

Kama unasafisha freti kwa stilwaya la sufuria, funika pikapu zote kwa selotepu kwanza. Pikapu ni sumaku, ule unga wa chuma ukirukia pale hautoki tena.

Moja ya besi zangu, Yamaha nyeusi, nilitoka nayo Arusha ikiwa sawa kabisa, wiki mbili Dar nyuzi zikaanza kulia kila mahali. Haikuwa imeharibika, shingo ilikuwa imetembea kwasababu ya unyevu, robo mzunguko wa rodi ikatulia. Kwaiyo pima shingo mara mbili kwa mwaka, masika ikianza na kiangazi kikianza, na andika kwenye daftari: tarehe, umezungusha kiasi gani, nyuzi ziliwekwa lini. Kwenye daftari hilohilo andika namba ya besi na piga picha kila upande, mikwaruzo yote. Besi ya kwanza ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles aliyoinunua Hamburg mwaka 1961 iliibiwa 1972 na ikarudi kwake baada ya zaidi ya miaka 50, baada ya watu kuitafuta kwa kampeni na Höfner wenyewe kuthibitisha kuwa ndiyo.

Ukitaka kuongeza ya pili na ya tatu

Ushauri wangu ni kukusanya sauti, jina la kampuni liwe baadae. Besi tatu za aina moja rangi tofauti, sikatai, lakini nyimbo zako zitabaki zilezile. Mimi niliyo nayo ni moja ukoo wa Precision, moja ukoo wa Jazz, moja fupi yenye nyuzi za flati, na moja ya nyuzi tano. Ya nyuzi tano ilinisumbua mwanzo kwasababu kidole gumba kilizoea kupumzika juu ya uzi wa E na sasa pale kuna B, lakini kwa gospo na sebene za siku hizi B ile ya chini ya kama hezi 31 inatikisa kifua.

Kabla hujatoa hela ya besi nyingine fanya jaribio hili: rekodi mstari mmoja huohuo kwenye besi uliyonayo mara tatu, mara ya kwanza ukipigia karibu na shingo, mara ya pili juu ya pikapu, mara ya tatu karibu na briji. Sikiliza kwa earphone maana spika ya simu uzi wa E wa hezi 41 haiutoi, inakupa kivuli chake tu. Utakuta una besi tatu tayari ndani ya moja. Kama bado kuna sauti kichwani huipati, hapo sasa unajua unaenda kutafuta ipi.

Na mstari wa kurekodi nakushauri uchukue kwenye dansi letu. Kaa na Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978, msikilize Tom Malanga peke yake, wasahau waimbaji kwa dakika tano. Noti chache, kila moja ina mahali pake, na pale ambapo hapigi ndipo mwili unapotaka kucheza. Au Mpudi Decca wa T.P. O.K. Jazz, bendi ya Franco kule Kongo, anavyobaki ametulia chini wakati magitaa ya juu yanasokotana kwenye sebene. Jaribu kuiga, utagundua kazi kubwa ipo kwenye kuzima noti kuliko kuipiga, kidole cha kushoto kinainuka kidogo tu, hakiachi uzi, na kiganja cha kulia kinalala karibu na briji. Mimi mstari mmoja wa mizunguko minne ulinichukua wiki tatu, nikiupiga na kiki ya ngoma ya programu kwenye simu, polepole kabisa, mpaka siku moja sikuisikia tena kiki maana ilikuwa imeingia ndani ya noti yangu.

Kila besi ipate zamu yake. Mimi nabadilisha kila jumapili jioni baada ya ibada, inayoingia zamu inatoka kwenye begi inakaa kwenye stendi sebuleni mahali ambapo jua la dirishani haliifikii, na inayotoka inafutwa, inaangaliwa skrubu, inarudi ndani na vipakti vyake. Wiki hii ni zamu ya ile fupi. Nimeiweka nyuzi mpya za flati juzi na bado zinajivuta, kila asubuhi nakuta G imeshuka kidogo, naipandisha, naipigia mizunguko miwili kabla ya kwenda kazini.